Kabichi Ivae Neti, Mtoto Asivuliwe Chandarua

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama katika mkutano wa ushirika wetu, chini ya mwembe. Yamenakiliwa kwa mkono kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.)



Tunashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mwenyekiti ametuagiza tuseme juu ya bustani, tena tusipitilize, maana akina mama wana maji ya kuteka. Kwa hiyo leo hakuna siasa ndefu. Tutasema juu ya kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri, juu ya mdudu anayezila, na juu ya neti ya kumzuia. Lakini katikati ya maneno hayo tuna jambo la kukiri. Tutalikiri hapa hadharani, kwa sababu kosa lenyewe lilitendeka hadharani.

Ndugu wananchi, sisi tunaishi kando ya njia kongwe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Babu zetu walikuwa wapagazi wa njia hiyo. Miembe ya zamani iliyobaki Tabora na Ujiji ni ukumbusho wake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mabega ya watu yalipata nafuu.

Njia hiyo ilileta mengi, mazuri na mabaya. Ilileta mbegu na nguo. Ilileta pia wagonjwa. Burton na Speke walifika hapa Kazeh mwaka 1857 wakiwa wamechoshwa na homa. Stanley alipokaa Kwihara mwaka 1871, homa ilimlaza kitandani hata akili ikampotea. Wakati huo watu walidhani homa ni hewa mbaya ya mabondeni. Ilikuwa mwaka 1897, kule India, ndipo daktari Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mboga. Mababu walikula mlenda, mgagani, majani ya maboga na majani ya kunde. Kunde zikizidi walianika majani wakapata nsansa ya kiangazi. Mboga hizo zimezoea nchi hii na wadudu wa nchi hii. Kabichi ni mgeni. Ana majani laini, ana maji mengi, na adui yake amekuja pamoja naye. Popote duniani inapolimwa kabichi, mdudu huyo yupo.

Ni nani huyo? Ni kipepeo mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Wataalamu wanamwita nondo wa kabichi. Akitulia na kufunga mabawa, mgongoni pana mstari mweupe wenye kona kona. Mchana hujificha chini ya majani. Jua likizama ndipo anaruka na kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100, nayo ni madogo sana, huyaoni mpaka ukodoe macho. Hutoka viwavi vya kijani. Ukimgusa mmoja anajinyonganyonga, anajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Anakula jani upande wa chini, anaacha ngozi nyembamba ya juu kama kioo cha dirisha, kisha ngozi nayo inatoboka. Kwa joto kama letu, kutoka yai hadi kipepeo mpya ni kama wiki 2 au 3 tu. Hesabuni wenyewe: kabichi inakaa shambani miezi 3. Vizazi vingapi hivyo?

Masika mvua kubwa inawaosha na kuwazamisha. Kiangazi hakuna wa kuwaosha. Na sisi bustani zetu za bondeni tunazilima lini? Kiangazi. Ndiyo maana wanatumaliza.

Tulifanyaje? Tuseme kweli. Tulichukua dawa iliyobaki kwenye tumbaku tukapulizia kabichi. Mdudu hakufa, tukaongeza. Hakufa, tukapuliza kila wiki. Mwingine alipuliza jumatano, jumamosi akapeleka sokoni. Ndugu zetu, dawa iliyoandikwa tumbaku ni ya tumbaku. Na hata dawa ya mboga ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Sisi tulijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, tukikaa kwenye madawati ya watoto na magoti yamefika kidevuni. Kama kisomo hicho hakitusaidii kusoma karatasi ya chupa ya sumu, basi kilitusaidia nini?

Tena mdudu huyu ni sugu. Mwaka 1953 iliandikwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba DDT imeshindwa kumuua. Mwaka 1990 ikaandikwa kutoka Hawaii kwamba amezoea hata ile dawa inayotengenezwa kwa bakteria. Ukipuliza, wadhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, na wagumu ndio wanaozaa. Wakati huo huo unaua nyigu wadogo wanaomwinda, na unaua nyuki. Mkoa huu tunakula na kusomesha watoto kwa asali. Jirani ana mizinga porini, wewe unapuliza bondeni nyuki wanakonywa maji. Ni haki hiyo?

Kwa hiyo likaja neno la neti. Si uganga. Kipepeo asipofika kwenye jani hatagi, asipotaga hakuna kiwavi. Benin, Afrika Magharibi, watafiti walijaribu chandarua juu ya kabichi na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Baadaye Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, Kenya, walijaribu neti za matundu ya milimeta 0.4 na milimeta 0.9. Kote walikuta kwamba neti inapunguza viwavi. Na kabichi haihitaji nyuki kwa sababu tunakula jani, hatungoji ua. Kwa hiyo inaweza kukaa ndani ya neti mpaka ivunwe. Maboga na matango ni mambo mengine, hayo yakitoa maua lazima nyuki waingie.

Sasa tunafika kwenye kukiri.

Mwaka juzi, mwezi wa 6, habari ya neti ilipofika kijijini, hatukungoja maelezo. Kila mtu aliangalia nyumbani ana neti gani. Na nyumbani kwetu sote kuna neti ya aina moja: chandarua cha mbu, kile tulichopewa bure kwa ajili ya mama mjamzito na watoto. Kwa muda wa wiki 3 bonde lote lilikuwa limevaa vyandarua. Tulipita pale jioni tukafurahi. Tuliwasifu watu. Tulisema katika mkutano, kwa mdomo huu huu, kwamba huo ni mfano wa kujitegemea.

Mwezi wa 8 watoto wakaanza homa. Kwanza nyumba ya chini, watoto wawili. Halafu nyumba za karibu na kisima. Halafu nyumbani kwetu. Mjukuu wetu wa miaka 4 alishikwa usiku, akatetemeka, macho yakageuka meupe. Baba yake alimfunga mgongoni kwa khanga, akapanda baiskeli gizani kwenda kutafuta usafiri. Hospitali wakasema malaria imekula damu, akaongezewa damu. Alipona. Tunamshukuru Mungu, yupo, mnamwona anavyokimbiza mbuzi. Lakini kupona kwake hakukuwa kwa akili yetu.

Katika mkutano uliofuata tulisimama kueleza habari ya usafi na madimbwi. Bibi mmoja, mnamfahamu, hatutamtaja maana hapendi, akanyoosha mkono. Akauliza, "Katibu, baba, samahani. Chandarua cha mjukuu wako kiko wapi?"

Tulinyamaza. Mkutano wote ulijua kilipo. Kilikuwa bondeni, juu ya kabichi 20.

Ndugu wananchi, wazee wetu mnakumbuka maneno mawili. Mwaka 1972 kule Iringa lilitoka neno Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 likaja Mtu ni Afya, watu wakakaa kwa vikundi kusikiliza redio, na malaria ilikuwa mojawapo ya masomo yale. Sisi tulikuwa wadogo, lakini tulikuwa tunatumwa kuwaita watu redio ikianza. Maneno yale mawili yalikuwa yaende pamoja. Sisi tulichukua lile la kwanza tukalilisha kwa lile la pili.

Na tusijidanganye kwamba malaria imepungua huku. Mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa afya nchini, wakapimwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa nchi nzima, watoto 8 katika kila 100 walikutwa na malaria. Kwa Mkoa wa Tabora walikuwa 23 katika kila 100. Hakuna mkoa uliotuzidi. Burton hakujua homa inatoka wapi, ana udhuru. Stanley hakujua, ana udhuru. Sisi tunajua. Udhuru wetu ni upi?

Kuna waliosema, "Katibu, chandarua changu ni kikuukuu, kimechanika, acha kiende bustanini." Tumelisikia. Jibu ni hili: kwanza shika sindano na uzi, kishone, maana chandarua kilichoshonwa bado kinazuia mbu. Kikishindikana kabisa, na kipya kimekwisha kutundikwa juu ya kile kile kitanda, hapo ndipo utakileta bondeni. Si kabla. Na kumbukeni, tundu linalopitisha mbu linapitisha na nondo, kwa hiyo bustanini nako utakishona vile vile. Kisioshwe wala kutupwa kisimani au mtoni, dawa yake inaua samaki.

Basi kamati ikakaa. Ushirika ukanunua neti ya bustani ya matuta 3 kwa majaribio, kwa fedha ya mfuko wetu. Tuliyoyaona ni haya, na tunawaeleza pamoja na makosa yetu.

Tuta la kwanza tulikosea. Tulipanda miche tuliyooteshea kitalu cha wazi, kisha tukafunga neti vizuri kabisa. Baada ya wiki 3 lilikuwa bovu kuliko matuta ya nje. Kumbe mayai yalikuja na miche. Tulimfungia mwizi ndani ya nyumba, tena tukamlinda asiliwe na ndege wala nyigu. Kwa hiyo sheria ya kwanza: neti ianze kitaluni, siku ile ile ya kumwaga mbegu. Na siku ya kuhamisha, geuza kila mche uangalie chini ya majani.

Tuta la pili tulikosea kidogo. Fito zilikuwa fupi, majani yakagusa neti. Nondo akatua nje, akataga kupitia matundu. Sheria ya pili: neti isiguse jani.

Tuta la tatu tulifuata yote. Lilikuwa na miche 44. Miwili ilikatwa na sota wakati ikiwa midogo, mmoja ulioza. Iliyobaki tulikata yote, na akina mama waliokuwepo ni mashahidi.

Hesabu ya tuta moja ni hii. Wanaosoma kisomo waandike.

Tuta liwe na upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Panda mistari 2, kati ya mstari na mstari sentimeta 60, kati ya mche na mche sentimeta 45. Utapata miche 22 kila mstari, yaani 44. Kata fito mbichi 11, kila mmoja mita 2 na sentimeta 30. Pinda kila ufito kama upinde, chimbia sentimeta 20 kila upande, mguu na mguu uachane mita 1 na sentimeta 20. Katikati utafika kimo cha sentimeta 60, yaani juu kidogo ya goti. Weka upinde mmoja kila mita. Funga kamba juu kutoka upinde wa kwanza hadi wa mwisho ili neti isilegee. Neti iwe na upana wa mita 2 na nusu na urefu wa mita 12. Ziada ile ni ya kufukia udongoni pande zote 4. Ukiacha tundu la kupitisha ngumi, umeacha mlango.

Maji mwagilia juu ya neti kwa kopo lenye matundu, yatapita. Palizi fanya jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, nondo akiwa amelala. Usifunue jioni hata kama una haraka. Ukimaliza, fukia tena hapo hapo, usiseme nitarudi.

Tuta lililokuwa na kabichi msimu uliopita lisifunikwe tena kwa kabichi, wala sukuma wiki, wala chainizi, wala figiri. Hizo ni ndugu, na mdudu aliyelala kwenye mabaki ataamkia ndani ya neti. Weka nyanya au vitunguu au mchicha. Mabaki ya kabichi ng'oeni, mpeni mbuzi au fukieni mbali.

Neti ina upungufu wake, hatufichi. Vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaojaa chini ya jani kama unga, ni wadogo sana. Wanapita kwenye neti yenye matundu makubwa. Basi kila wiki funua upande mmoja mchana, angalia. Ukiona jani moja limeshikwa, lichume. Yakizidi, osha kwa maji ya sabuni kidogo. Pia ndani ya neti kuna joto. Mwezi wa 9 na wa 10 nchi hii inawaka, kwa hiyo anzeni mapema, kitalu mwezi wa 4 mvua zikiishia, mboga ivunwe kabla ya joto kali. Na neti inachakaa kwa jua. Msimu ukiisha, ioshe, ianike kivulini, ikunje, iweke mahali ambapo panya hafiki.

Sasa maazimio. Kamati imekwisha yajadili, leo tunayaleta kwenu myakubali au myakatae.

La kwanza. Chandarua cha kitandani kisishuke kitandani kwenda bustanini, bondeni au kuvulia samaki. Ofisi ya Chama inaanza yenyewe. Anayetaka kukagua nyumbani kwetu aje leo jioni, hana haja ya kubisha hodi mara mbili.

La pili. Ushirika ununue neti ya bustani kwa pamoja. Mjumbe atakopeshwa ya tuta moja, atalipa kwa mavuno ya misimu miwili. Wajane na wenye watoto wadogo waanze kupewa. Kamati ilete bei za maduka matatu kabla ya kununua, nazo zibandikwe hapa ukutani kila mtu azione.

La tatu. Dawa ya tumbaku isiingie bondeni. Atakayeonekana ataitwa na wanachama wenzake, siyo mgambo.

La nne. Darasa la kisomo la jumatatu na alhamisi litasoma karatasi za chupa za dawa na hesabu ya tuta. Wanaotoka chama chochote na wasio na chama waje. Nondo haulizi kadi.

Ndugu wananchi, tunamaliza. Kabichi 44 ni mboga nzuri, ni daftari la shule, ni chumvi na sabuni. Tunazitaka. Lakini hakuna kabichi ya kumrudishia mtu mtoto. Yule bibi alituuliza swali moja tu, na sasa tunaliuliza kwa kila nyumba. Leo usiku, kabla hamjazima taa, angalieni juu ya kitanda cha watoto. Kama pana nafasi tupu, kesho asubuhi mteremke bondeni mkakirudishe. Tutakuwa bondeni kuwasaidia kukung'uta udongo.



Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji

(Maazimio yote 4 yalipitishwa. La tatu lilipingwa na wajumbe wawili, nao wamekubali kufuata walio wengi. Usichane karatasi hii. Ukimaliza kusoma, mpishe mwenzako.)